Kadi ya Kliniki ya Nyota

Maneno haya niliyasema usiku mmoja wa Februari, Pangani, mbele ya walimu wa sayansi, wazazi na wanafunzi. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka. Nilichopunguza ni vicheko na ile robo saa umeme ulipokatika.

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, wazazi na wanafunzi, hamjambo. Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na kama kuna niliyemruka basi salamu yake iko njiani.

Nimeambiwa nizungumze dakika arobaini juu ya nyota. Nimefundisha fizikia miaka ishirini na sita na sijawahi kumaliza jambo lolote kwa dakika arobaini, kwa hiyo naomba radhi mapema. Sitawazungusha mbingu nzima. Nataka tuzungumzie nyota moja, tena ndogo, ambayo macho yenu hayawezi kuiona, na mabishano yaliyoizunguka tangu mwaka 2005. Ila nitaanzia kliniki.

Akina mama mnaijua ile mizani. Imening'inizwa kwenye boriti, mtoto anavishwa kile kisuruali chenye kamba, anatundikwa, anapiga kelele, mshale unachezacheza, na nesi anasubiri atulie kidogo ndipo asome: kilo saba na nusu. Kisha anafungua kadi. Chini miezi, pembeni kilo, katikati mistari iliyopinda. Anaweka nukta yake, anaangalia imeangukia kwenye kijani au imeshuka, na kwa nukta hiyo moja mama anapongezwa au anagombezwa mbele ya foleni nzima.

Sasa jiulizeni, nani aliichora ile mistari? Ilichorwa na watu waliopima watoto wengi ambao kilo zao zinajulikana na tarehe zao za kuzaliwa zinajulikana. Mizani ilitangulia, kadi ikafuata. Hakuna aliyekaa mezani akakokotoa kwa kalamu kwamba mtoto wa miezi sita lazima awe na kilo kadhaa.

Kwa nyota ndogo changa ilikuwa kinyume: kadi ilitangulia mizani. Wanafizikia walichukua kanuni za mvutano, za gesi, za joto na za nyuklia, wakaziingiza kwenye kompyuta, wakauliza: donge la gesi lenye masi hii, likifikisha miaka milioni kumi, litang'aa kiasi gani na uso wake utakuwa na joto gani? Jibu likawa mstari. Wakabadilisha masi, ukatoka mstari mwingine, mpaka kadi ikajaa. Mojawapo ya kadi zinazotumika sana ilitoka kwa kundi la Lyon, Ufaransa. Isabelle Baraffe, Gilles Chabrier, France Allard na Peter Hauschildt waliitoa mwaka 1998, na toleo lililorekebishwa likaja 2015.

Hapo niseme neno juu ya neno. Vitabu vinasema masi, vingine tungamo, nyumbani tunasema uzito na hatugombani. Nikiteleza usiku huu nikasema uzito, walimu wa kidato cha kwanza mnisamehe.

Kadi inatumikaje? Unaona nyota changa. Unapima mwanga wake, unapima rangi yake ambayo ndiyo inayokupa joto lake, unakwenda kwenye kadi, kidole kinaangukia mstari fulani, unaandika: masi yake ni sehemu ya kumi ya masi ya Jua. Angalieni lakini, hapo hujapima masi. Umesoma kadi. Na masi nyingi za nyota changa zinazotajwa zimesomwa hivyohivyo. Hata zile sayari chache zilizopigwa picha pembeni mwa nyota changa, masi zake nyingi zilisomwa kwanza kwenye kadi za aina hii. Kadi ikiwa imepinda, sayari yako inaweza kuwa si sayari.

Kwa nini nasisitiza changa? Kwa sababu nyota iliyokomaa imetulia. Jua letu lina miaka milioni 4,600, linaunguza hidrojeni yake taratibu kama mkaa mzuri wa mkwaju, na kadi zinalielewa. Nyota changa ndogo bado inasinyaa. Hidrojeni haijashika moto sawasawa. Mwanga unaouona unatokana na uzito wake mwenyewe unaoikandamiza kuelekea katikati. Nyota kama Jua inamaliza utoto huo kwa makumi ya mamilioni ya miaka. Yenye sehemu ya kumi ya masi ya Jua inachukua mamia ya mamilioni. Na chini ya kama asilimia saba na nusu ya masi ya Jua, hidrojeni haishiki moto wa kudumu abadani. Donge linapoa tu miaka na miaka. Hilo linaitwa kibete kahawia.

Na ndani kunachemka. Mjapani Chushiro Hayashi alionyesha mwaka 1961 kwamba nyota hizi zinaposinyaa huchemka tangu kitovuni mpaka usoni. Fikirini sufuria ya uji mzito: mapovu makubwa yanapanda na joto, yanapasuka juu, uji uliopoa unashuka. Nani hapa anaweza kukokotoa mapovu ya uji? Hata kompyuta kubwa zinahangaika. Kwa hiyo wachora kadi wanatumia namba moja ya kukadiria mapovu yanasafiri umbali gani kabla ya kupasuka, na kwa kawaida namba hiyo wanaipata kwa kulipima Jua. Ni kama fundi cherehani aliyempima babu mmoja wa makamo, akawashonea wajukuu wote kwa kipimo kile. Nguo zinaweza kuwakaa. Lakini mimi ningetaka kumwona mjukuu mmoja akiivaa kwanza.

Kumpima mjukuu ndiyo kazi yenyewe. Nyota huwezi kuivisha kisuruali. Mizani iliyopo ni moja tu: mvutano. Utafute kitu kinachoizunguka uangalie kinazungukaje. Nyota ya pekee haipimiki hivyo. Inayopimika ni yenye mwenzake, zile zinazozungukana zikiwa mbili, nyota pacha.

Wazee wa hapa mnaukumbuka mzega, ule mti wa begani wenye ndoo huku na huku. Mchukuzi wa maji aliyejaza ndoo moja na nyingine kaijaza nusu, bega lake analiweka wapi? Analisogeza upande wa ndoo iliyojaa. Hakuna aliyemfundisha hesabu, bega linajua. Nyota pacha zina mzega wa namna hiyo, ila hauonekani. Zote mbili zinazunguka nukta moja kwenye ule mti, na nukta hiyo iko karibu na iliyo nzito. Ukiona nyota kubwa inatikisika kidogo na ndogo inazunguka duara pana mara kumi zaidi, umejua tayari kwamba kubwa ni nzito mara kumi.

Huo ni uwiano. Masi ya zote mbili kwa jumla unaipata kwa kanuni ya Kepler, na wanafunzi hii muinakili maana haizeeki. Chukua nusu ya kipenyo kirefu cha mzunguko kwa kipimo cha umbali wa Dunia na Jua, uizidishe yenyewe mara tatu. Chukua muda wa mzunguko kwa miaka, uuzidishe wenyewe mara mbili. Gawanya cha kwanza kwa cha pili, jibu ni masi kwa kipimo cha Jua. Ijaribuni kwa sayari ya Mshtarii. Umbali wake ni 5.2. 5.2 mara 5.2 mara 5.2 ni 140.6. Mwaka wake ni 11.86 ya kwetu, na 11.86 mara 11.86 ni 140.7. Gawanya: moja. Jua moja. Mmelipima Jua mkiwa mmekaa kwenye viti vya plastiki.

Ila mizani hii ina mahali pa kupunjia. Darubini haikupi umbali wa 5.2, inakupa pembe angani, na wewe unaigeuza kuwa umbali kwa kujua nyota iko mbali kiasi gani. Ukikosea umbali wa nyota kwa asilimia nne, kosa linazidishwa mara tatu: masi imekosewa kwa asilimia kumi na mbili. Ndiyo maana watu wa fani hii walifurahi vyombo vya Ulaya viliporushwa kupima umbali wa nyota, Hipparcos mwaka 1989 na Gaia Desemba 2013. Bila umbali mzuri, mizani yote ni ya dukani kwa yule bwana anayebonyeza sahani kwa kidole gumba.

Sasa tufike kwenye nyota yetu. Mabaharia wa pwani hii waliijua Suheli, ile nyota kali ya kusini. Baadaye tukitoka nje nitawaonyesha, ipo juu ya bahari upande wa kusini. Shuka chini yake kuelekea upeo wa macho, utafika kwenye kundinyota linaloitwa Dorado, na humo kuna nyota yenye jina AB Doradus. Kwa macho matupu hamtaiona, kwa darubini ya mkono mtaiona kama punje. Iko umbali wa kama miaka 49 ya nuru, ambao kwa nyota ni jirani wa kuombana chumvi. Ni ndogo kidogo kuliko Jua na ina fujo: inajizungusha mzima mzima kwa nusu siku tu, wakati Jua linachukua karibu mwezi. Kuzunguka hivyo kunaamsha sumaku kali, na sumaku inatoa mawimbi ya redio.

Mawimbi hayo ndiyo yaliyoiponza. Kwa darubini za redio zilizounganishwa, mahali pa nyota panaweza kupimwa kwa usahihi wa ajabu. Mwaka 1997 José Carlos Guirado na wenzake, wakitumia redio pamoja na vipimo vya Hipparcos, walitangaza kwamba AB Doradus haiendi sawa. Inayumba, kama mtu anayetembea na mzigo usioonekana. Kulikuwa na ndoo upande wa pili wa mzega.

Kuiona ndoo yenyewe kulichukua miaka saba mingine. Februari 2004 Laird Close na timu yake walielekeza huko mojawapo ya darubini za VLT, zenye vioo vya mita 8.2, kule Paranal kwenye jangwa la Atacama, Chile, wakiwa na kamera iliyotengenezwa kwa ajili ya kufuta mwanga wa nyota kubwa. Wakaipata. Mwanga wake ulikuwa hafifu mara 120 kuliko wa jirani yake, na pembe iliyozitenganisha ilikuwa sekunde 0.156 za tao. Pembe hiyo ni sarafu ya sentimita mbili na nusu ukiitazama kutoka kilomita 33, tena ikiwa imegandishwa kwenye taa ya gari iliyowashwa.

Wakaiita AB Doradus C. Mzunguko wake unachukua miaka 11.8 hivi, karibu sawa na Mshtarii wetu, ingawa njia yake ni ya yai zaidi. Wakapiga hesabu mliyoipiga sasa hivi, wakaweka mzega, wakapata masi: 0.090 ya Jua, na kosa la 0.005 huku na huku. Ukipenda kuhesabu kwa Mshtarii, ni Mshtarii 93. Ilikuwa mara ya kwanza nyota ndogo na changa kiasi hicho kupanda mizani.

Kisha wakafungua kadi. Waliamini umri wake ni miaka milioni 50. Kwa mwanga ule na umri ule, kadi ilisoma karibu nusu ya masi waliyoipima. Matokeo yalichapishwa Januari 2005 kwenye jarida la Nature, na tangazo lililoandamana nayo lilisema bila kumung'unya: vitu vichanga vidogo ni vizito mara mbili ya inavyotabiriwa.

Nisimame hapo kidogo. Mimi nasahihisha ripoti za maabara kila muhula. Mwanafunzi anabembeza kipande cha chuma kwenye uzi kutafuta kasi ya mvutano, anapata 8.9. Kitabu kinasema 9.8. Mnajua anachofanya. Anafuta, anaandika 9.7, maana 9.8 kamili ingetia shaka. Msicheke, wengine mko humu ndani, na mmoja wenu sasa ni mwalimu. Nilipoisoma ile kazi ya AB Doradus C kilichonigusa ni kwamba walipata 8.9 yao wakaichapisha dunia nzima ione.

Kijana mmoja hapo mbele amenyoosha mkono. Sema, mwanangu.

Ameuliza: umri wa nyota mnaujuaje, kwani ina cheti cha kuzaliwa?

Swali hilo ndilo lililoleta ugomvi, na lililetwa na watu wazima wenzake miezi michache baadaye. Babu yangu hakuwa na cheti. Ukimuuliza alizaliwa lini anasema, mimi na fulani na fulani ni rika moja, tulitiwa jando pamoja. Umri wake ulijulikana kwa rika. Nyota nazo zina marika: huzaliwa nyingi kutoka wingu moja, na hata zikisambaa huendelea kusafiri angani kuelekea upande mmoja kwa mwendo mmoja. AB Doradus ina rika lake, limetawanyika karibu yetu. Ukimjua mwenzao mmoja umri wake, umewajua wote.

Sasa Kilimia mnakijua. Wazee walikuwa wakisema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, na jembe likafuata. Kile kifungu cha nyota ni rika kamili, lenye umri wa zaidi kidogo ya miaka milioni mia moja. Kevin Luhman, John Stauffer na Eric Mamajek wakachukua nyota za rika la AB Doradus, wakazilinganisha rangi na mwanga na zile za Kilimia. Zikalingana kwa karibu sana. Wakasema hawa si wa miaka milioni 50, hawa ni wa kati ya 75 na 150. Na nyota ikiwa kubwa kwa umri, imeshapoa na kufifia zaidi. Ukirudi kwenye kadi na umri mpya, masi inayosomwa ni kubwa zaidi, inakaribia ileile iliyopimwa. Kadi haina kosa, walisema, mmekosea tarehe ya kuzaliwa ya mtoto.

Mnaona hila yake? Nesi amepima sawa. Kadi imechorwa sawa. Mama amesema mtoto ana miezi mitatu, kumbe ana sita, na nukta imeanguka pabaya. Mimi kabla ya kuisoma kesi hii nilidhani kipimo na nadharia vikigombana washtakiwa ni wawili.

Mabishano yaliendelea. Timu ya Close haikukubali umri huo wote, ikataja wake wa katikati. Halafu 2007 walewale walirudi na spektra mpya, yaani mwanga wa nyota uliotawanywa katika rangi zake, iliyo safi zaidi, na ikaonekana nyota ni ya moto kuliko walivyoandika mwanzo. Safari hii wakaandika wenyewe kwamba inakubaliana na kadi.

Lakini msidhani kadi imeshinda kesi.

Inueni macho kwenye Jabari, lile kundi vitabu vya nje vinaliita Orion. Chini ya mkanda wake kuna wingu nyota zinamozaliwa, na humo Keivan Stassun, Robert Mathieu na Jeff Valenti walikuta vibete kahawia viwili vinavyozungukana kwa siku 9.78 huku kimoja kikipita mbele ya kingine na kukiziba. Jina la jozi hiyo ni refu kama namba ya kitambulisho, nitawaepusha nalo. Pacha wanaozibana ni zawadi. Muda wa kuziba unakupa ukubwa wa kila mmoja, na mwendo wao unausoma kwenye spektra, kama unavyojua kwa mlio wa honi kwamba basi linakuja au limeshapita. Masi zinatoka bila kuhitaji kujua umbali, ule mlango wa kupunjia unafungwa. Walipata 0.054 na 0.034 ya Jua, umri kama miaka milioni moja, wakachapisha 2006. Na kioja: kile kizito ndicho chenye uso uliopoa zaidi. Kadi zote zinasema kaka mkubwa awe wa moto zaidi. Hapa huwezi kusingizia umri, maana wamezaliwa pamoja.

Wamezaliwa pamoja kweli? Miaka miwili baadaye Stassun na wenzake walileta jozi nyingine kutoka hukohuko Orion, iitwayo Par 1802. Hawa ni pacha wa kufanana, kila mmoja 0.41 ya Jua, huwezi kuwatofautisha kwa mizani. Halafu mmoja ana joto zaidi kwa nyuzi mia tatu na anang'aa zaidi kwa nusu nzima. Maelezo waliyoyatoa wenyewe ni kwamba mmoja alitangulia kuzaliwa kwa miaka laki kadhaa. Hapa kwetu pacha wa kwanza ni Kulwa na wa pili ni Doto, na kati yao ni dakika. Kwa nyota zenye umri wa miaka milioni moja, laki kadhaa si dakika. Kulwa ameshaanza kutembea Doto ndiyo kwanza anafika.

Ya wale vibete viwili haielezeki kwa Kulwa na Doto peke yake, na mshukiwa mkubwa ni sumaku. Kumbukeni uji. Uga wa sumaku ulio mkali unazuia mapovu yasipande, kama mfuniko uliolazwa kwenye sufuria. Joto likishindwa kutoka kwa kasi yake, nyota inavimba, uso unapoa, na madoa makubwa meusi yanautapakaa. Ukiisoma nyota kama hiyo kwenye kadi isiyo na sumaku, utaidhania nyepesi na changa kuliko ilivyo. Kuna rika kwenye kundi la Nge, sehemu yake ya juu, lililoonyesha hivyo vizuri. Aaron Rizzuto na wenzake walipima nyota pacha za huko, matokeo yakatoka 2016: zile zinazofanana na Jua zilisoma umri wa miaka milioni kumi na moja na ushei, zile ndogo nyekundu zikasoma saba. Rika moja, kadi moja, umri mbili! Mwaka huohuo Gregory Feiden alionyesha kwamba ukiitia sumaku kwenye hesabu, umri wa wakubwa na wadogo unakutana kwenye milioni kumi hivi.

Kuna mizani nyingine, ya visahani vya gesi vinavyozunguka nyota changa, inayotumia ALMA, zile antena 66 za Chile kwenye mita elfu tano juu ya bahari. Nayo imekuwa ikizielekea kadi zenye sumaku. Sitaingia huko, mwenyekiti ananitazama.

Nimalizie na AB Doradus C, maana sikuwaambia yote. Tangu 2005 kulikuwa na watu waliosema kwa sauti ya chini: je, kama si nyota moja? Wengi hatukuwasikiliza. Mwaka 2019 Juan Bautista Climent na wenzake walichapisha vipimo vilivyochukuliwa palepale Paranal, safari hii kwa kuunganisha mwanga wa darubini kadhaa ili ziwe kama jicho moja pana. Ndani ya ile punje waliona dalili za punje mbili, zimetengana kwa sehemu 38 za elfu za sekunde ya tao. Moja ina masi kama 0.072 ya Jua, nyingine 0.013.

Ndani ya kisuruali walikuwemo watoto wawili.

Nesi hakukosea. Kilo 0.090 zilikuwa sahihi, ila zilikuwa za watu wawili. Na vitu viwili vidogo vyenye masi hiyo kwa jumla vinatoa mwanga mchache kuliko kimoja kikubwa, kwa hiyo sehemu ya ule ufifiaji uliopigiwa kelele 2005 inapata maelezo bila kuigusa kadi wala tarehe ya kuzaliwa. Mkubwa yuko palepale kwenye mpaka wa nyota na kibete kahawia. Mdogo ni kama Mshtarii kumi na nne, kwenye mpaka mwingine, ule wa kibete na sayari. Nimezipiga hesabu zake kwa kanuni ya Kepler nyuma ya bahasha: kwa umbali ule wanapaswa kuzungukana kwa mwaka mmoja na nusu hivi. Walimu mkirudi nyumbani mzirudie, mnitumie kama nimekosea. Mtu akiufuata mzunguko huo wote, kila mmoja atapanda mizani peke yake, na ndipo kadi itasomwa upya.

Haya. Darubini ya mkono ninayo moja, iko kwenye mkoba huu, na kaskazi imesafisha mawingu. Suheli iko upande wa bahari, juu ya ile minazi mitatu. Shukeni nayo kuelekea kusini polepole, mkikutana na wingu dogo la mwanga mmekaribia. Foleni ianzie kwa watoto, na tafadhali msiguse lenzi kwa vidole vya sambusa.